Kaunti yako iko kwa chama, na mwenye kuchanga ni wewe

Ukijiunga na chama cha mtaa, lazima ujue mambo matatu: unachanga ngapi, nani anashika daftari, na utapata nini. Sasa cheki hii. Kaunti yako pia iko kwa vyama, na hayo matatu hujawahi ambiwa.

Chama kikubwa ni Baraza la Magavana. Magavana wote 47 ni memba, na kaunti zimekuwa zikikitumia michango. Lakini sheria ya 2012 iliyoanzisha hilo Baraza, kifungu cha 37, inasema gharama zake zitoke kwa bajeti ya serikali kuu. Si kwa kaunti. Ndiyo maana ripoti za Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu, zimekuwa zikiuliza hiyo doo inatolewa kwa sheria gani. Magavana nao hujitetea: serikali kuu haitupatii za kutosha.

Kuna pia vyama vya kaunti jirani, vya mambo ya uchumi. Hapa ndio inachekesha. Nakuru iko na Kiambu na Nyeri. Baringo iko na watu wa North Rift. Kericho iko na watu wa Ziwa. Panda mat hapa Nakuru ushukie Mogotio ama Londiani, tayari umeingia chama kingine. Mkulima wa viazi pale Molo ana shida moja na jirani yake wa Londiani, lakini magavana wao wanakaa meza tofauti.

Tusidanganyane, vyama vina kazi. Kaunti moja ikipiga kelele Nairobi, nani atasikia? Baraza ndilo limekuwa likipigania Sh10.5 bilioni za barabara ambazo wabunge walitaka zisifike kaunti. Hiyo ni kazi, na inalipiwa.

Shida ni daftari. Mama mboga wa Free Area analipa ushuru kila siku, na akiuliza ni ngapi imeenda kwa chama gani, anaonekana msumbufu.

Basi sumbua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua moja tu: mwaka huu tumechangia vyama gani, ngapi, na tumepata nini?

Chama cha mtaa wakikuficha daftari, unatoka. Hiki huwezi toka. Kwa hivyo itisha daftari.