Flashi ikipata minyoo, usikimbilie kuifuta

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Siku hizi huenda kikawa kinaning'inia kwenye funguo zako.

Majuzi nilikwenda Voi kumjulia hali dadangu. Binti yake, ambaye yuko mwaka wa mwisho chuoni, alirejea kutoka mjini machozi yakimlengalenga. Alikuwa amekwenda katika saiba moja kuchapisha ripoti ya utafiti aliyoiandika kwa miezi minane. Alipoichomeka flashi kwenye kompyuta yake nyumbani, kila folda ilikuwa na kijishale pembeni, na faili zake hazikuonekana.

"Mjomba, kazi yangu yote imeliwa," aliniambia.

Rafiki yake alikuwa amekwisha kumshauri kwa simu aifomati flashi, yaani aifute yote na kuanza upya. Nilimzuia mara moja. Mimi mwenyewe niliwahi kufuata ushauri kama huo, nikapoteza picha za harusi ya kakangu.

Msomaji, tuanze kwa kumfahamu adui. Virusi hujipachika ndani ya faili au programu nyingine na kungoja ifunguliwe. Mnyoo yeye ni programu kamili inayojinakili yenyewe. Yule wa flashi ni kama kupe: hana mabawa, lakini hung'ang'ania ng'ombe mpaka afike boma jingine.

Na Voi ni njia panda. Kompyuta moja ya saiba yaweza kuchomekwa flashi ya mwanafunzi aliyeshuka kutoka Wundanyi, ya mwalimu wa Mwatate, ya mfanyabiashara wa Taveta na ya msafiri wa barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Mmoja wao akija na kupe, kufikia jioni wengine wamembeba kwenda naye makwao.

Balaa hili halikuanza jana. Mwaka wa 1986 virusi vilivyoitwa Brain vilitoka Lahore, Pakistan, vikasafiri kwa disketi. Mwezi wa Novemba 2008 akatokea mnyoo Conficker, ambaye baadhi ya aina zake zilienea kwa flashi. Wakati huo Windows ilikuwa na mazoea ya kuanzisha programu yenyewe mara kifaa kinapochomekwa. Kampuni ya Microsoft iliondoa mazoea hayo kwa flashi katika Windows 7 mwaka wa 2009, na Februari 2011 ikapeleka marekebisho kwa Windows za zamani.

Watengenezaji wa minyoo nao wakabadili mbinu: sasa wanakungoja ubonyeze mwenyewe. Mnyoo huificha folda yako halisi, kisha huweka mahali pake njia ya mkato yenye jina lile lile. Ukiibonyeza, folda hufunguka kama kawaida, lakini mnyoo naye huamka, akahamia kwenye kompyuta na kungoja flashi itakayofuata. Mnyoo Raspberry Robin, aliyegunduliwa mwaka wa 2021, pia hutumia njia ya mkato iliyowekwa kwenye flashi.

Kwa hiyo, mara nyingi kazi yako haijaliwa. Imefichwa tu. Anayeipoteza ni mwenyewe, kwa pupa ya kufuta.

Hizi ndizo hatua tulizofuata:

1. Acha kubonyeza chochote ndani ya flashi, wala usiichomeke kwenye kompyuta nyingine.

2. Safisha kompyuta kwanza. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kubonyeza, kwa hiyo mnyoo alikuwa ameingia. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender, kinga isiyolipiwa. Ipe marekebisho mapya, kisha iamuru ikague kompyuta nzima. Mnyoo akiwa sugu, chagua ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka.

3. Kagua flashi kwa programu hiyo hiyo, ili mnyoo na njia zake za mkato viondolewe.

4. Fichua faili. Tazama flashi imepewa herufi gani. Ikiwa ni E, fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Hakikisha herufi ni ya flashi, si ya kompyuta yenyewe.

5. Nakili hati na picha zako tu mahali salama. Zifungue uone kama ni nzima. Hapo ndipo unaweza kuifomati flashi.

Tulipomaliza hatua ya nne, folda zilijitokeza moja baada ya nyingine. Ripoti ilikuwepo, kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho. Binti alicheka na kulia kwa pamoja.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mwanafunzi, ukienda kuchapisha, itume hati kwa barua pepe badala ya kuchomeka flashi. Ikibidi flashi, beba ile yenye hati hiyo moja pekee. Usiwe na nakala moja tu ya kazi yako: weka nyingine kwenye kompyuta na nyingine katika hifadhi ya intaneti. Mzazi, kumbuka kwamba hata kadi ya kumbukumbu ya simu au kamera hubeba minyoo. Nanyi wenye saiba, kagueni kila flashi kabla ya kuifungua. Mteja atangoja kidogo, lakini atarudi.

Jioni ile dadangu alimuuliza bintiye flashi iko wapi. "Iko kabatini, mama," akajibu. "Kuanzia leo haitembei ovyo."

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.