Mastaa wa Kigoma Wakigawa Nguo za Shoo, Dogo wa Kabanga Ataona Nini?

Mkongwe wa Bongo Fleva wa aina hii kila mtu anamjua, jina kapuni. Kazunguka mikoa yote na koti moja la kung'aa, leo koti lenyewe kama halijaliwa na panya, basi kapewa shemeji. Kaseti za albamu ya kwanza zipo kwenye boksi chini ya kitanda, ukungu umeota, utepe umenata. Siku akifariki ndugu watagawana nguo kama desturi ilivyo, na hakuna wa kumlaumu.

Sasa dogo wa Kabanga, kule Kasulu, akitaka kuona kwa macho muziki wa mkoa wake ulikotoka, aende wapi? Makumbusho inayojulikana Kigoma ni ile ya Ujiji, na stori kubwa pale ni Livingstone kukutana na Stanley mwaka 1871. Sawa, ni historia. Lakini huu ndio mkoa ambao mastaa wake walijikusanya mwaka 2012 wakaachia Leka Dutigite, jina la Kiha kabisa, na wasiojua Kiha wakaimba. Nguo moja tu iliyovaliwa kwenye video ile ingetosha kuanzia.

Wabishi watasema mbona YouTube ipo. Ipo, mpaka akaunti ihakiwe. Na YouTube haioneshi kiraka alichoshona mama mtu usiku wa kuamkia shoo.

Wengine wanaona makumbusho ni mambo ya mikuki na mafuvu. Waende Shangani, Zanzibar, ambako tangu 2019 kuna makumbusho ya Freddie Mercury, na watu wanalipa kiingilio. Piano yake iliuzwa mnadani London mwaka 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 1.7, na ilifika huko kwa sababu rafiki yake aliitunza miaka 30 na ushee tangu jamaa afariki 1991. Angeigawa, ingekuwa kuni (aah, kule hawapikii kuni, lakini mmeelewa).

Jengo si la lazima leo. Sanduku kavu, na karatasi ndani: nani alivaa, shoo gani, mwaka gani. Hiyo karatasi ndiyo mastaa wengi wanaidharau. Koti lile likifika mnadani Kasulu bila maelezo ni mtumba tu, na muuzaji ataanzia elfu tatu.