NGUVU YA BAHARINI HUANZA BARA

Tarehe 1 Februari 1924 haikuwa siku ya ajabu kwa mabaharia, lakini tarehe kama hiyo miaka mia moja baadaye, yaani mwaka 2024, iliwashtua. Usiku huo, katika Bahari Nyeusi, vijimashua vya Ukraine visivyo na nahodha viliizamisha manowari ya Urusi iitwayo Ivanovets. Mwezi wa Juni mwaka huo huo, katika Bahari ya Shamu, meli ya mizigo iitwayo Tutor iligongwa na kijimashua cha namna hiyo, kikiwa kimejaa baruti, nayo ikazama baada ya siku chache. Mashambulio ya bahari hiyo, yaliyoanza mwishoni mwa 2023, yaliwafanya wenye meli wengi kuizunguka Afrika yote kupitia Rasi ya Tumaini Jema.

Mfanyakazi wa reli pale Kilosa, au dereva apitaye Mikumi na shehena yake, ana haki ya kuuliza: Mambo haya yanatuhusu nini sisi tulio mbali na bahari? Yanatuhusu sana. Mafuta, mbolea na vipuri huja kwa meli, na mkonge wetu huenda kwa meli. Njia ya meli ikirefuka, gharama hupanda, na mwisho wake hulipwa na mkulima na mfanyakazi. Lakini liko jambo jingine kubwa zaidi, na historia ya nchi yetu inalithibitisha.

Silaha hii ndogo iwatishayo wakubwa si mpya. Mwaka 1866, katika mji wa Fiume, Mwingereza Robert Whitehead alitengeneza topedo, yaani kombora liendalo chini ya maji kwa mtambo wake lenyewe. Mwaka 1876 Waingereza waliunda mashua nyepesi yenye mbio, iitwayo Lightning, kwa ajili ya kulibeba kombora hilo. Tangu hapo mataifa makubwa yakaingiwa na hofu, kwa maana manowari iliyogharimu mali nyingi iliweza kupotea kwa pigo la mashua ya watu wachache. Iliwabidi waunde merikebu za namna mpya, kazi yake ikiwa kuwinda mashua za topedo. Hata hivyo, tarehe 10 Juni 1918, mashua mbili tu za Italia ziliikabili manowari kubwa ya Austria iitwayo Szent István, ikazama. Wahenga hawakukosea waliposema: mdharau mwiba mguu huota tende.

Wako wanaosoma habari hizo na kusema kwamba basi, nchi maskini ikinunua vijimashua vya kutosha itakuwa salama. Hilo ni kosa. Tuyatazame yaliyotokea hapa kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza, vita ambavyo si sisi tulioviamua, ingawa ni sisi tulioibeba mizigo yake.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Kisha ikajificha katika matawi ya mto Rufiji, kwa sababu mitambo yake ilikuwa imeharibika. Nani aliyeiponya? Vipande vya mitambo hiyo vilikokotwa kwa nguvu za Waafrika, kupita matope na misitu, hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa kwa njia ile ile. Mwezi wa Novemba Waingereza walijaribu kuingia mtoni kwa mashua ndogo yenye topedo. Wakamiminiwa risasi na askari waliojificha katika mikoko, na mashua ikarudi bila kuigusa manowari. Hapa mashua ya topedo ilishindwa na watu waliokaa nchi kavu.

Manowari hiyo ilipopigwa mwezi wa Julai 1915, wenyewe walimalizia kuipasua kwa vichwa vya topedo zake. Hata hivyo vita vyake havikwisha. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu, ikapigana bara. Mmoja wao ulisafiri kwa Reli ya Kati, ukapita Kilosa, ukaenda Kigoma kuwekwa juu ya meli Graf von Goetzen. Meli hiyo yenyewe ilikuwa imepita njia hiyo hiyo ikiwa vipande vipande ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwezi wa Februari 1915.

Waingereza nao walijibu kwa udogo. Walileta motaboti mbili, Mimi na Toutou, kutoka London hadi Cape Town, kisha kwa reli, na kwa mashine za mvuke na maksai kupita milima ya Kongo, hadi Ziwa Tanganyika. Hazikuwa na topedo, ila akili yake ilikuwa ile ile: wepesi dhidi ya ukubwa. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, na mwezi wa Februari 1916 Mimi ikasaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini ile kubwa kuliko zote, Goetzen, hazikupigana nayo. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa Julai 1916, kwa sababu nchi kavu ilikuwa inawaponyoka na reli ilikuwa karibu kutekwa. Meli isiyo na reli nyuma yake ilikuwa chuma kitupu. Ndiyo hiyo hiyo iliyoopolewa baadaye, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba.

Tarehe 22 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Kilosa. Siku 13 baadaye, tarehe 4 Septemba, Dar es Salaam ikasalimu amri. Wajerumani walirudi kusini kupitia bonde la Mikumi kuelekea Kidodi na mto Ruaha, na maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili wakafa kwa njaa, homa na uchovu. Bandari iliyokatiwa njia ya bara haikuwa tena na nguvu ya kuwasaidia waliokuwa nayo.

Tangu uhuru taifa letu limejenga jeshi lake la majini, na katika miaka ya 1970 China ilitupatia, pamoja na vyombo vingine, mashua za topedo. Yafaa tujivunie walinzi wetu wa pwani. Lakini kila mashua yahitaji fundi, kipuri, mafuta na chakula, na vyote hivyo vyahitaji njia iliyo nzima na watu wenye ujuzi.

Kwa hiyo tunasema wazi: ulinzi wa bahari hauishii Kigamboni. Mafuriko ya mto Mkondoa, yaliyoanza mwishoni mwa 2009, yalivunja tuta na reli upande wa Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi mingi. Hakuna adui aliyefyatua hata risasi moja, lakini bandari ilikatwa na bara kama mwaka 1916. Mwaka 2024 reli mpya ya umeme ilianza kazi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ikipita Kilosa. Mto, hata hivyo, haujui reli mpya wala ya zamani.

Yatupasa basi tuyatazame mambo matatu kama kazi ya ulinzi. Kwanza, miti ya milima inayotiririsha maji ya Mkondoa ilindwe, na wenye mashamba huko wasaidiwe kulima bila kuubomoa mlima. Pili, matuta na madaraja yakaguliwe kabla ya mvua, si baada ya maafa. Tatu, mafundi wa reli na karakana wapewe mafunzo na malipo yanayostahili kazi yao, kwa kuwa ndio walioweza, hata chini ya mkoloni, kuifufua manowari iliyokufa. Taifa litakalonunua mashua na kulisahau tuta la reli litakuwa limefunga mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi.