NANI ATAKAA NA MGONJWA?



Mgonjwa wa akili anapozeeka na kuanza kusahau, jamaa zake huuliza, "Hospitali ya bei nafuu iko wapi?" Nadhani swali hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ni hii: nani atakaa naye mchana kutwa?

Nasema haya kwa ruhusa ya baba. Dada yake, yaani shangazi yangu, ana miaka 64. Tangu ujana wake ana maradhi ya akili, lakini kwa kutumia dawa alilima, alisuka mikeka, tena alitulea sisi. Mwaka juzi alianza kusahau. Hutia chumvi mara mbili, humwulizia mama yake aliyekwisha kufa zamani, na usiku hutoka asijue njia ya kurudi.

Wengine walisema kichaa chake kimezidi, aachwe. Baba hakukubali, akampeleka kwa daktari. Daktari alisema huenda ni ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao hauna dawa ya kuuponya. Lakini yafaa kwanza mgonjwa apimwe damu, na dawa zake ziangaliwe, maana upungufu wa vitamini, maradhi ya tezi ya shingo, hata dawa nyingine, zaweza kuleta usahaulifu, na hayo yaweza kutibiwa. Basi tusikate tamaa kabla ya kupima.

Ama kuhusu gharama, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure katika hospitali za serikali, na shangazi alipata kitambulisho. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, hutibu wagonjwa wa akili, lakini si mahali pa kumweka mtu maisha. Makazi ya wazee ya serikali ni ya wasio na jamaa wa kuwatunza. Kumwajiri mwangalizi wa kutwa kungemaliza nusu ya mshahara wa baba.

Ndipo baadhi ya jamaa walipotoa shauri kwamba mdogo wangu wa kike, aliye kidato cha pili, aache shule amlinde shangazi. Hiyo si bei nafuu hata kidogo, kwa kuwa mtoto atailipa maisha yake yote. Wazee walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliotoa shauri hilo hawalali naye nyumba moja.

Baba aliwaita ndugu zake wote. Sasa wawili walioko mjini huleta fedha kidogo kila mwezi, na kwa fedha hizo jirani yetu mjane hukaa na shangazi asubuhi. Alasiri ni zamu ya mama, na likizo ni zamu yetu watoto. Lango la ua limetiwa komeo. Shangazi bado husahau jina langu, lakini hapotei tena, na mdogo wangu yuko darasani.

Kwa hiyo nawaomba wazazi: kabla ya kumtoa binti shuleni, iteni ukoo mgawane zamu na gharama. Nasi wanafunzi tusione haya kuwataja wagonjwa wetu. Mimi nilimficha shangazi kwa wenzangu miaka miwili, na kumbe watatu katika bweni letu walikuwa na wagonjwa kama yeye nyumbani.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne