Dawa za Akili Zifike Zahanatini



Mtu akivunjika mkono kiwandani hapana anayemcheka. Wenziwe humbeba, karani huandika, na tajiri, hata akinung'unika, ajua kwamba sheria ipo. Lakini mtu akikosa usingizi wiki nzima, akasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akalemewa na huzuni hata asiweze kuinuka kitandani, basi husemwa amerogwa, au ni mvivu, au ni mlevi. Akikosa kazini siku tatu, jina lake limekwisha kufutwa.

Twasema wazi: huu ni ugonjwa, na una dawa. Wako wengi wanaofanya kazi vyema miaka na miaka, maadamu dawa haikatiki. Shida ni huko kukatika.

Hapa mjini Eldoret iko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, yenye madaktari wa akili na wodi ya wagonjwa hao. Twashukuru. Lakini mwenzetu akaaye Turbo au Burnt Forest, yapata kilomita 35 kutoka mjini, afanyeje? Dawa ya mwezi mmoja yamtaka nauli ya kwenda na kurudi, foleni tangu asubuhi, na siku nzima ya kibarua. Mwezi wa kwanza huenda. Wa pili huenda. Wa tatu nauli imekwisha kununua unga, na ugonjwa umerudi.

Wasituambie haiwezekani. UKIMWI ulipotukalia vibaya, Chuo Kikuu cha Moi, hospitali hiyo na wenzao wa Marekani walianza mwaka 2001 mpango wa AMPATH, na matibabu yakafika Mosoriot, Turbo na Burnt Forest. Watu waliokuwa wakingoja kufa walirudi kulima. Njia iliyopitisha dawa zile yaweza kupitisha na hizi. Wala hatudai daktari bingwa kila zahanati. Tangu 2010 Shirika la Afya la Dunia lina mwongozo wa kuwafundisha wauguzi na matabibu wa kawaida kazi hii.

Sheria ya Afya ya Akili, iliporekebishwa mwaka 2022, iliweka mzigo huu juu ya serikali za kaunti. Basi mjumbe wa wodi yenu akija kuwasalimu, mwulizeni: zahanati yetu ina dawa gani ya akili leo, na nani pale ajua kuitoa?

Sasa upande wa matajiri. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi, akiisha kutumika miezi 2 mfululizo, siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Haikusema ugonjwa wa mwili tu. Tena yakataza kumbagua mtu kwa hali yake ya akili. Lakini yataka cheti, na cheti hicho chaweza kutolewa hata na msimamizi wa zahanati kwa niaba ya daktari. Zahanati isiyotibu ugonjwa huu itaandika nini? Mgonjwa hurudi mikono mitupu, naye huandikiwa kwamba amekosa kazini bila ruhusa, kosa liwezalo kumfukuzisha papo hapo. Na hesabuni wenyewe: safari moja ya mjini kila mwezi ni siku 12 kwa mwaka. Akishikwa na malaria, amebakiwa na siku ngapi?

Kwa hiyo katika mapatano yajayo ya mishahara twataka siku ya kliniki kila mwezi, yenye malipo, isiyohesabiwa katika siku za ugonjwa. Matajiri watalia gharama. Kumfundisha mgeni kuendesha mashine nako ni gharama, ila hiyo hawaitaji.

Mwanachama akiitwa ofisini kwa jambo la namna hii, asiende peke yake. Sheria yampa haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama wakati anaposomewa kosa. Asitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kutuona, na kadi ya kliniki aje nayo.