Shahada za Biashara Zisiwe Mapambo

Ukiwasikiliza baadhi ya wakuu wa elimu ya juu siku hizi, utadhani ukombozi wa masomo ya biashara umekwisha patikana. Panahubiriwa akili mnemba, masomo kwa njia ya mtandao, ujasiriamali na ithibati ya kimataifa. Maneno hayo si mabaya. Lakini mwananchi anayelipa kodi ana haki ya kuuliza: mageuzi hayo yanamtumikia nani?

Masomo haya hayakuanza jana. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa mwaka 1965. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata Kitivo cha Biashara na Menejimenti, ambacho mwaka 2008 kiligeuzwa kuwa Shule Kuu ya Biashara. Mfano wake, hata hivyo, ulitoka mbali. Harvard ilianza kufundisha shahada ya uzamili ya biashara mwaka 1908, na njia yake ya kufundisha kwa visa vya makampuni imeenea duniani kote. Njia hiyo ni nzuri. Kosa ni kuazima njia pamoja na visa vyenyewe, hata kijana wa Newala akahitimu akiyajua matatizo ya viwanda vya magari vya Marekani, asiweze kumweleza baba yake makato ya stakabadhi ghalani.

Tazameni korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Oktoba 2018 wakulima wakazikataa bei za mnada. Novemba mwaka huo Serikali ikaamua kuinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Ndani ya mkasa huo mmoja mna bei, ghala, mkopo, usafirishaji, soko la dunia na ada za watoto wa mkulima. Ni kisa gani cha Boston kinachoushinda?

Ilipotolewa ChatGPT, Novemba 2022, wahadhiri wengi duniani walishtuka. Walishtukia nini? Zoezi linalojibika kwa kunakili kitabu sasa lajibiwa na mashine kwa dakika moja. Mashine haikuharibu elimu. Imefichua tu kwamba zoezi la namna hiyo halikuwa likipima ujuzi. Lakini mashine hiyo haiwezi kwenda ghalani kuhesabu magunia, wala kuketi na katibu wa chama cha msingi na kumdai stakabadhi isiyoonekana.

Wapo watakaosema kwamba biashara chini ya mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika ilianza Januari 1, 2021, kwa hiyo tunahitaji wahitimu wa viwango vya dunia. Ni kweli, tunawahitaji. Lakini asiyejua gharama ya kubangua korosho yake mwenyewe atajadilianaje bei na mnunuzi wa India? Kiwango cha dunia huanzia nyumbani.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu ule uliachwa, nasi hatuombi urudishwe kama ulivyokuwa. Swali lake, hata hivyo, lingali hai: msomi ameonja kazi gani?

Kwa hiyo vyuo vyetu havina budi kufanya mambo matatu. Kila mwanafunzi wa biashara akae msimu mzima katika chama cha msingi, soko au kiwanda kidogo, akikagua hesabu halisi. Mhadhiri anayeandika kisa cha biashara ya nchi hii, kwa Kiswahili kinachosomeka, apandishwe cheo kwa kazi hiyo kama anavyopandishwa kwa makala ya jarida la ng'ambo. Na mtihani wa mwisho uwe wa kujieleza kwa mdomo, mbele ya wale wale ambao vitabu vyao vilikaguliwa.

Mkulima akielewa na kuridhika, hapo shahada imepatikana. Asipoelewa, joho ni nguo tu.