UKUMBI WA WAZAZI: Nyumba, Maua na Majina Yake



Majuzi niliwapeleka wanangu kuwatazama waashi wakijenga mtaani kwetu hapa Uingereza. Mdogo akauliza: "Baba, nyumba ya bibi Unguja nayo ni ya matofali?" Nikamweleza habari ya mawe ya matumbawe, chokaa ya tanuu, na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba vya Mji Mkongwe.

Tuliporejea, tukapita penye bustani ya jirani. Mtoto akainusa asumini, akaitaja kwa Kiingereza. Jina letu hakulijua. Na kosa ni langu, kwani nyumbani sijapata kulitamka. Jumapili, inshaallah, tutarudi na daftari tuyaandike majina ya vyote tuvionavyo. Anayependa na awalete wanawe.